Mashine iliyozimwa nayo hutoa mvuke wa petroli

Wengi huamini kwamba mashine ya kukata nyasi huchafua hewa inapounguruma tu. Sivyo. Jua likipasha tangi, petroli hugeuka mvuke na kutokea kwenye tundu la kupumulia la kifuniko, injini ikiwa imezimwa. Isitoshe, petroli hupenya polepole plastiki ya tangi na mpira wa kupitishia mafuta, bila ufa wowote. Ndiyo maana matangi na mipira mingi ya kisasa ina tabaka la kuzuia upenyaji, jambo ambalo Marekani ililiwekea kanuni za kitaifa mwaka 2008. Baadhi ya mashine zina pia kopo la mkaa maalumu: hunasa mvuke, kisha injini ikiwaka huuvuta ukaungue ndani.