"Deadline": kutoka mstari wa mauti hadi tarehe ya mwisho

Neno la Kiingereza "deadline" limeunganisha maneno mawili: "dead", yaani -fu, na "line", yaani mstari. Huandikwa pamoja, bila nafasi katikati, na maana yake leo ni ukomo wa muda wa kukamilisha au kuwasilisha jambo. Wengi wanaolitumia kila siku hawajui kifo kiliingiaje humo.

Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, wafungwa wa vita walikuwa wakishikiliwa katika kambi ya Andersonville, jimboni Georgia, ndani ya ukuta wa magogo. Kama mita 6 kutoka ukutani palipitishwa uzio mwepesi, vigingi vilivyoshikana kwa mbao nyembamba. Mfungwa akiuvuka, mlinzi aliyekaa juu alimpiga risasi. Uzio huo ndio ulioitwa "dead line". Mkuu wa kambi, Kapteni Henry Wirz, alishtakiwa vita vilipokwisha, akanyongwa Novemba 1865. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyumba vya habari vya Marekani vikalitumia neno hilo kwa saa ambayo habari ikichelewa haichapishwi tena.

Kwa Kiswahili tuna tarehe ya mwisho, siku ya mwisho, na makataa. Mimi napendelea makataa: ni neno moja, lina uzito, na linafaa hata ukomo unapokuwa saa tu.

Tatizo kubwa liko kwenye neno dogo "by". "Submit by Friday" hutafsiriwa mara nyingi "wasilisha kabla ya Ijumaa". Sivyo. "By Friday" inaijumuisha Ijumaa yenyewe. "Kabla ya Ijumaa" inaitoa. Anayesoma tangazo hilo Ijumaa asubuhi, vyeti vyake viko tayari, ataona amechelewa na kukata tamaa, kumbe bado ana siku nzima. Inaniuma kila ninapoikuta tafsiri hiyo. Andika "si zaidi ya Ijumaa", au "mwisho ni Ijumaa".

"Meet the deadline" nayo si kukutana na kitu. Ni kuwahi makataa. "Miss the deadline" ni kupitwa na makataa.

Ukitaja saa, igeuze pia. "4:00 p.m." ni saa 10 jioni. Nimeona tangazo lililoandikwa "saa 4 jioni", na saa hiyo kwa Kiswahili haipo: msomaji abahatishe saa 4 asubuhi, saa 4 usiku, au saa 10?