Kwilti ya Nyufa: Viraka Vinapogeuka Bustani

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, bibi aliyezeeka na sindano ya kofia za vito, alinikuta barazani nimetandaza vipande vya kanga, mahameli na tai za hariri za mtumba. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, hali imekuwa ngumu hata tumerudi kwenye viraka?" Sikumlaumu. Kwetu kiraka kazi yake ni kuziba tundu. Katika kazi hii hakuna tundu. Viraka ndivyo nguo yenyewe.

Kwilti kwa kawaida ni mfarishi wa matabaka matatu: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, vyote vikapitishwa uzi visiachane. Aina ninayoisema hapa, Waingereza huiita crazy quilt, na wenye haraka hutafsiri "kwilti ya kichaa". Tafsiri hiyo naikataa. Neno lao lina undugu na nyufa nyembamba zinazotokea kwenye rangi ya kung'aa ya vyombo vya udongo. Itazame sahani ya zamani ya bibi yako, ile yenye mistari kama utando wa buibui lakini haijavunjika: hiyo ndiyo sura yake. Kwa hiyo mimi naiita kwilti ya nyufa.

Ilivuma Marekani baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, ambako watu walivutiwa na sanaa ya Wajapani, isiyolazimisha kushoto kufanane na kulia. Wanawake wakakata hariri na mahameli kwa pembe zozote, kisha wakafunika kila ungio kwa darizi. Nyingi hazikutiwa hata pamba, maana zilitandazwa sebuleni kwa pambo. Na kwa joto letu la Tanga, pamba ya nini? Mto wa kochi unatosha.

Ukiiona utadhani vipande vimerushwa tu. Chini yake kuna kitambaa cha msingi, bafta kwa mfano, kinachobeba kila kitu. Katikati unaweka kipande chenye pembe tano. Cha pili unakilaza juu yake, uso kwa uso, unashona ukingo mmoja, unakigeuza na kukipiga pasi. Unazunguka hivyo mpaka bafta isionekane. Zile pembe tano ndizo zinazoizuia kazi isijipange kuwa miraba.

Kanga mpya ifue kwanza itoke dondo, urudie mpaka maji yabaki safi. Mimi nilipuuza: nyekundu ikachuja kwenye hariri nyeupe, na waridi nililodarizi siku nne likawa kama limemwagiwa ubuyu.

Bustani inaingia kwenye darizi. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi sita ndani yake. Zitenganishe, utumie mbili au tatu. Fuata ungio: sindano ichome kushoto, kisha kulia, kila mara ikinasa kitanzi kilichotangulia. Kinatokea kitawi kinachotambaa. Kwenye ncha zake tia vifundo: zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, choma pembeni kidogo ya pale ulipotokea (ukirudi tundu lile lile kifundo kinazama nyuma), vuta taratibu. Hayo ni matumba ya asumini, hayajachanua bado.

Maua ya kuiga kwenye picha za ugenini siyapendi sana, wakati kikuba kimoja tu kina asumini, mkadi na mrehani. Tena Usambara, juu yetu hapo, ni chimbuko la ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu duniani kote. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia. Lina petali tano, mbili za juu ndogo kuliko tatu za chini. Zijaze kwa mishono iliyolala sambamba, imebanana. Katikati lina vifuko viwili vya njano, navyo ni vifundo viwili tu, usizidishe. Majani yake yana vinyweleo, na hapo ndipo mahameli ya kijani yanapofaa: kata jani, libandike kwa mishono midogo ukingoni, halihitaji kujazwa chochote.

Mwisho unafunika nyuma kwa kitambaa kimoja na kuzungushia pindo la kanga. Mimi nilikuwa sijafika huko yule bibi aliporudi. Hakutazama maua. Aliigeuza kazi nyuma, akapitisha kidole kwenye vifundo vyangu kimoja kimoja, akakata viwili kwa meno, kisha akaomba sindano.