Mashine ya Kutotolesha Mayai kwa Mfugaji Mdogo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mfugaji mwenye mitetea kumi au ishirini anapokwenda kununua mashine ya kutotolesha, swali la kwanza analoulizwa dukani ni la ukubwa: unataka ya mayai mangapi? Wengi hulijibu papo hapo, kabla ya kuhesabu mayai wanayookota nyumbani na kabla ya kufikiria hali ya umeme mtaani kwao, na hasara nyingi ninazozisikia kwa wafugaji wenzangu zimeanzia katika jibu hilo la haraka.

Dhana: Mashine kubwa ni akiba, maana kuku wataongezeka.

Yai la kutotolesha linafaa liingie mashinini ndani ya siku saba tangu litagwe. Likikaa zaidi ya hapo, uwezo wake wa kuanguliwa hushuka siku hadi siku, tena upesi zaidi katika chumba chenye joto. Kwa hiyo kipimo halisi cha mashine ni mayai ya wiki moja. Mitetea 12, ikiwa nusu yao wanataga kila siku, watatoa mayai 6 kwa siku, yaani 42 kwa wiki; ukiondoa yenye ufa, madogo mno na yaliyopinda umbo, yatabaki kama 36 hivi, na mashine ya mayai 48 inatosha kabisa. Aliyenunua ya mayai 264 kwa kundi hilo atahitaji zaidi ya wiki sita kuijaza, na mayai ya mwanzo yatakuwa yameharibika zamani.

Wapo wanaojibu kwamba wataongeza mayai kila wiki. Katika mashine yenye chumba kimoja utaratibu huo una madhara, kwa sababu mayai yaliyofika siku ya 18 yanahitaji unyevu mwingi na hayatakiwi kugeuzwa tena, ilhali machanga yanahitaji unyevu mdogo na kugeuzwa kila siku. Isitoshe, manyoya na uchafu wa vifaranga wanaototolewa huyachafua mayai yaliyobaki. Anayetaka kutotolesha kila wiki anahitaji mashine mbili ndogo, moja ikiwa ya siku tatu za mwisho.

Dhana: Joto linaloonekana kwenye kioo cha mashine ndilo joto la mayai.

Hapa ningependa msomaji atulie, kwa kuwa ndipo nilipopoteza trei nzima ya mayai katika msimu wangu wa kwanza: kioo kilionyesha nyuzi 37.8, na nilipoweka kipimajoto kingine katikati ya mayai nikakuta 39.4. Mashine yenye feni inatakiwa kuwa na nyuzi joto 37.5 za Sentigredi. Isiyo na feni huwa na tabaka za joto, juu kukiwa na joto zaidi kuliko chini, hivyo hupimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai na kuwekwa kati ya nyuzi 38.3 na 38.9. Joto likipungua kidogo kwa siku zote, vifaranga huchelewa kutoka. Likizidi, hutoka mapema wakiwa dhaifu na vitovu havijafunga, au hufia ndani ya yai.

Kabla ya kuweka hata yai moja, iwashe mashine ikiwa tupu kwa saa 24 na uilinganishe na kipimajoto cha homa cha kioo, ambacho kwa kuwa hubaki kwenye kiwango cha juu kilichofikiwa, kitakuonyesha mashine ilipanda hadi wapi. Kipima unyevu nacho hukaguliwa kwa chumvi ya mezani: ilowanishe kidogo iwe kama uji mzito, uiweke pamoja na kipimo hicho ndani ya chombo kilichofungwa vizuri kwa saa nane au zaidi, nacho kinapaswa kusoma asilimia 75. Muuzaji asiyekubali mashine yake ikaguliwe hivi, ningemwacha.

Dhana: Maji yakiwa mengi ndani ya mashine, vifaranga hutoka kwa urahisi.

Kwa siku 18 za kwanza yai la kuku linahitaji unyevu wa asilimia 50 hadi 55, kisha 65 hadi 70 katika siku tatu za mwisho. Katika kipindi hicho cha kwanza yai linapaswa kupoteza takriban asilimia 12 ya uzito wake, ili kifuko cha hewa kikue na kifaranga apate pa kuvutia pumzi yake ya kwanza. Unyevu ukizidi, kifaranga hufia ndani kwa kukosa nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo maelekezo ya kiwandani hayawezi kufuatwa kwa namna moja kila mahali: Tanga au Mombasa hewa yenyewe inaweza kutosha bila maji kwa siku 18, wakati Dodoma ya kiangazi beseni zote mbili za maji ndani ya mashine huenda zikahitajika.

Dhana: Umeme ukikatika saa mbili, mayai yote yamekuwa viza.

Kuku anayeatamia huacha kiota kila siku akaenda kula, na mayai hayafi. Kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, huvumilia zaidi kupoa kwa saa chache kuliko kinavyovumilia kuzidishiwa joto. Usifungue mashine, ifunike kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi. Ila palipo na mgawo wa umeme wa mara kwa mara, chagua mashine inayopokea volti 12 moja kwa moja. Mashine ya wati 80, inayowaka nusu ya muda, hutumia wastani wa wati 40. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itaiendesha kwa takriban saa saba.

Dhana: Mashine nzuri hutotoa asilimia 98.

Mashine haiweki mbegu ndani ya yai. Mayai ya kuku wa kisasa waliofugwa bila jogoo hayatatotoka popote, na kwa kienyeji jogoo mmoja awe na mitetea wasiozidi kumi. Siku ya saba yamulike mayai kwa tochi gizani uyatoe yasiyo na mbegu. Ukiweka 40, ukatoa 6, na vifaranga 27 wakatoka katika 34 yaliyobaki, hiyo ni asilimia 79 ya yenye mbegu, lakini ni 67.5 tu ya uliyoweka. Unapotajiwa asilimia dukani, uliza ni ya hesabu ipi kati ya hizo mbili.