Kukataliwa Katika Uamuzi wa Mapema: Maana Yake na Milango Inayobaki

Uamuzi wa mapema, ambao waombaji wa vyuo vikuu vya Marekani huutaja kwa kifupi kuwa ED, ni ombi la udahili linaloambatana na ahadi. Mwanafunzi huchagua chuo kimoja tu, hutuma maombi kwa kawaida kufikia tarehe 1 Novemba, kisha yeye, mzazi wake na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa atajiunga na chuo hicho na kuyaondoa maombi yake mengine yote. Brown, Cornell, Dartmouth na Duke ni miongoni mwa vyuo vyenye utaratibu huu.

Majibu hutoka katikati ya Desemba, na mawili kati yake huchanganywa mara nyingi. Aliyeahirishwa hajakataliwa, kwani ombi lake litasomwa tena pamoja na maombi ya kawaida, yaani yale yasiyo na ahadi, naye atajibiwa kufikia majira ya Machi. Aliyekataliwa hawezi kuomba tena chuoni hapo kwa mwaka huo wa udahili. Wote wawili, hata hivyo, wamefunguliwa kutoka katika ile ahadi, na sasa wako huru kuomba popote.

Uhuru huo huja na muda mfupi mno. Mwanafunzi wa Mombasa, ambaye chuo chake kimetangaza majibu saa moja jioni kwa saa za New York, huifungua barua kwenye simu saa tisa usiku nyumba nzima ikiwa imelala, na kuanzia hapo ana takriban wiki mbili, kwa sababu vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida katika siku za mwanzo za Januari. Vingine vimekwisha kufunga: University of California hupokea maombi hadi mwisho wa Novemba au siku ya kwanza ya Desemba hivi. Ndiyo maana naona ni lazima insha za vyuo vingine ziandikwe kabla jibu la kwanza halijatoka, ingawa ni vigumu kumshawishi kijana aliyekwisha kujiona katika chuo kimoja.

Kosa ninalolihofia zaidi ni kuihamisha insha. Vyuo vingi humuuliza mwombaji kwa nini anakitaka chuo hicho hasa, na mwenye uchungu na haraka hubadilisha jina la chuo na kuacha sentensi inayosifu maabara isiyokuwepo huko anakoomba sasa. Msomaji wa maombi huitambua insha ya namna hiyo mara moja. Ni heri maombi sita yaliyoandikwa kwa makini, yakiwemo ya vyuo ambavyo alama zake zinampa nafasi nzuri, kuliko kuzijaza nafasi zote 20 ambazo Common App, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi kwa vyuo vingi, unaruhusu.

Upo pia uamuzi wa mapema wa awamu ya pili, yaani ED II, unaotolewa na vyuo kama Vanderbilt, Emory, Tufts na University of Chicago. Maombi yake hupokelewa mapema Januari na majibu hutoka kufikia katikati ya Februari, lakini ahadi ni ileile, na haifai kutolewa kwa ajili ya kujipoza moyo. Anayeitoa hapati nafasi ya kulinganisha ufadhili wa vyuo mbalimbali, na hilo ni zito kwa familia ya Afrika Mashariki, kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani huangalia uwezo wa kulipa wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua kama vimpokee. Chuo kinaweza kumwachilia aliyekubaliwa iwapo ufadhili hautoshi, ila kufikia Februari tarehe za vyuo vingi zimekwisha kupita. Kwa hiyo anayeomba ED II atume pia maombi yake ya kawaida Januari, na akikubaliwa, asiyaondoe kabla yeye na wazazi wake hawajaisoma barua ya ufadhili na kuona kiasi wanachotakiwa kulipa wenyewe.