Kujibu Wateja kwa SMS Kupitia Hifadhidata: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika depo nyingi za unga hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Katuba, kuna simu moja mezani isiyopumzika: mfuko wa kilo 25 ni bei gani leo, mzigo wangu umefika, deni langu limebaki kiasi gani? Kompyuta inaweza kujibu maswali hayo kwa kusoma hifadhidata ya duka, yaani kumbukumbu za bei, mizigo na madeni zilizopangwa ndani yake, lakini wenye maduka huikataa njia hii, au huisimika vibaya, kwa sababu ya mambo yaliyoaminiwa bila kupimwa.

Wengi hudhani kwamba bila intaneti ya saa zote kazi hii haiwezekani. Ujumbe mfupi hupita katika mtandao wa simu wenyewe, kwa hiyo modemu ya USB (kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta) yenye kadi ya simu, kompyuta ya kawaida na programu ya bure kama Gammu vinatosha. Gammu huandika kila ujumbe unaoingia katika jedwali liitwalo inbox, na hutuma chochote kitakachowekwa katika jedwali la outbox. Programu yako husimama katikati, ikisoma huku na kuandika kule. Kinachosumbua zaidi ni umeme, ndiyo maana kompyuta kuukuu ya mkononi yenye betri nzima huifaa kazi hii kuliko mpya ya mezani.

Dhana inayokula pesa nyingi ni ile ya kwamba ujumbe mmoja daima hubeba herufi 160. Ujumbe una nafasi ya baiti 140 (baiti ni kipimo cha data), na herufi 160 huenea humo pale tu zote zinapotoka katika orodha ya msingi ya herufi za GSM, mfumo wa simu za mkononi. Orodha hiyo ina é, è na à, lakini haina ê wala ô, na ajabu yake ni kwamba ina Ç kubwa bila kuwa na ç ndogo. Sisi tunaochanganya Kiswahili na Kifaransa tunaandika «reçu» kila siku. Herufi hiyo moja huhamisha ujumbe mzima kwenye mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi hubaki herufi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe unapogawanywa. Jibu la herufi 150 lililokuwa la malipo ya ujumbe mmoja sasa linalipiwa matatu. Alama iliyopinda katika ng’ombe, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, huleta hasara ileile. Andika «malipo yamefika» badala ya «reçu», tumia alama iliyonyooka, na tatizo limekwisha.

Mwingine husema kuwa mteja aliyeandikishwa atatambuliwa tu. Daftarini namba yake huanza na 0, ilhali modemu huileta ikiwa na +243, msimbo wa nchi yetu ya Kongo, mahali pa sifuri hiyo, na kwa hifadhidata hao ni watu wawili, hadi namba zote zihifadhiwe kwa umbo moja.

Neno «imetumwa» nalo husomwa vibaya: maana yake ni kwamba mtandao umeupokea ujumbe, si kwamba mteja ameupata. Anayetaka kujua hilo huomba ripoti ya kufika. Tena usijibu kila kinachoingia, kwani matangazo ya kampuni za simu nayo huingia, na mashine mbili zinazojibizana zinaweza kumaliza salio usiku mmoja. Weka kikomo cha majibu kwa kila namba kwa saa.

Halafu kuna imani kwamba kompyuta inajua bei. Inajua ile iliyoandikwa mara ya mwisho, na bei ya unga mjini hapa haikai. Mimi huweka safu ya tarehe kando ya bei, na bei ikizidi siku mbili bila kuguswa, mteja hujibiwa: «Subiri, muuzaji atakuandikia», na swali lake huenda kwenye simu ya muuzaji.