Boksi linalokataliwa mlangoni mwa kiwanda

Fundi wa maboksi ya karatasi anapokosa oda ya kiwanda kikubwa, kwanza hulaumu bei. Mara nyingi bei haihusiki. Mashine ya kufungashia imewekwa kwa kipimo kimoja, na boksi lililozidi milimita tatu hukwama, mstari mzima wa uzalishaji ukasimama. Boksi la Jumatatu lilikuwa sawa. La Alhamisi limetoka kwenye karatasi nyingine, laini zaidi, na yakipangwa ghalani, la chini linabonyea. Meneja ununuzi hana haja ya boksi zuri sana. Anataka la leo lifanane na la mwezi ujao.

Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1958 kwamba kiwanda huvuta nyuma yake viwanda vingine vya kukilisha. Mvuto huo haujileti. AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, iliiwezesha Lesotho kushona nguo nyingi kwa soko la Marekani, lakini iliruhusu pia kitambaa kitoke nchi ya tatu, na sehemu kubwa ikawa inatoka Asia. Ajira zilikuja kwa maelfu. Vinu vya kufuma havikufuata kwa kasi hiyo.

Serikali huvutiwa na njia ya mkato: kutunga asilimia ya lazima ya bidhaa za ndani. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinaibana njia hiyo tangu 1995, na hata inaporuhusiwa, asilimia bila mafunzo na vipimo huzalisha madalali wa kubadilisha lebo. Afrika Kusini, inayolenga asilimia 60 ya thamani ya magari yake itoke ndani ifikapo 2035, huwapa watengenezaji punguzo la ushuru kadiri wanavyotumia vya ndani. Naona hiyo ni busara zaidi, ingawa inahitaji hazina yenye uvumilivu.

Kisha kuna ankara. Kiwanda hulipa baada ya siku 60 au 90. Fundi analipa vibarua kila Jumamosi na karatasi kwa fedha taslimu. Oda kubwa inaweza kumfilisi haraka kuliko kukosa oda.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa mashine mpya, omba kiwandani karatasi ya vipimo na boksi la mfano, lipime mwenyewe, kisha uliza siku za malipo. Andika majibu yote mawili.