Jengo la mahakama ya kaunti Marekani: mfano wa Pittsburgh

Kaunti ni ngazi ya serikali iliyo chini ya jimbo, na Marekani ina zaidi ya 3,000. Jengo la mahakama ya kaunti kwa desturi ndilo kitovu chake: humo majaji husikiliza kesi, na humo pia makarani walitunza hati za ardhi, wosia na leseni za ndoa. Msomaji wa Kenya asilichanganye na ofisi ya gavana. Kaunti 47 za Kenya hazina mahakama zao, kwani Mahakama ni mhimili wa kitaifa.

Kwa kuwa ushahidi wa nani anamiliki nini ulikaa humo, jengo likiungua hasara yake ni kubwa kuliko kuta na paa. Mwaka 1882 moto uliteketeza jengo la kaunti ya Allegheny, mjini Pittsburgh. Kazi ya kujenga jipya alipewa mbunifu wa majengo Henry Hobson Richardson, naye akaamua kujenga kwa graniti, jiwe gumu sana. Ujenzi ulianza 1884 ukamalizika 1888, lakini yeye mwenyewe hakuuona mwisho wake. Alifariki 1886 akiwa na miaka 47, na warithi wa ofisi yake wakamalizia.

Mtindo wa Richardson unatambulika upesi: mawe makubwa yaliyoachwa na uso wa kukwaruza, matao mazito ya nusu duara, madirisha yaliyozama ndani ya kuta nene. Ukitazama haraka utadhani ni ngome. Ila katikati kuna ua wa wazi, na vyumba vinavyouzunguka hupata mwanga na hewa kutoka pande mbili.

Kinachonivutia zaidi ni mnara. Pittsburgh ya enzi zile ilikuwa mji wa viwanda vya chuma, na hewa ya barabarani ilijaa moshi wa makaa ya mawe. Mnara ulipangwa uvute hewa safi kutoka juu na kuishusha ndani. Umbo lake ni la kanisa la kale la Ulaya, kazi yake ni ya bomba.

Nyuma ya mahakama lilijengwa gereza, likaunganishwa nayo kwa daraja la mawe lenye paa, linalopita juu ya barabara ya Ross. Liliigwa kutoka daraja maarufu la Venice, Italia. Mahabusu aliweza kufikishwa mbele ya jaji bila kukanyaga barabarani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910 mji ulichimba kilima kilichokuwa mbele ya jengo na kuishusha barabara ya Grant. Mlango mkuu ukabaki juu hewani, na leo watu huingilia kwenye sakafu ambayo Richardson aliichora kama ghorofa ya chini ya ardhi. Ndiyo maana ukumbi wa kuingilia ni mfupi wa dari kuliko unavyotarajia ukitoka kutazama mnara ule. Gereza nalo lilifungwa 1995, likakarabatiwa, na sasa husikilizwa humo kesi za familia: talaka, matunzo na malezi ya watoto.